Kila Mahali Ulipoketi Ayutthaya

Kioko, mdogo wangu,

Nimetoka kule. Nimeuona ule mji wa mahekalu yaliyobomoka ambako ulikufa, na nimeuona nikiwa na mtu ambaye kwa mwaka mzima nilimshuku kwamba alikuwa na mkono katika kifo chako.

Hujui haya, kwa hiyo nikueleze. Tulipokwisha kukuzika Machakos nikarudi Durban, Yusuf, rafiki yako uliyesafiri naye, alikuja kwangu Sydenham na begi lako la mgongoni. Aliketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja kuitwa na polisi. Akasema mlishinda pamoja siku nzima mkizunguka na baiskeli, kwamba ulikuwa mzima kabisa, na ghafla ukaanguka. Hakuniangalia usoni hata mara moja. Nami nilikuwa naikumbuka simu yako ya mchana ule. Ulisema, "Niko peke yangu, Dada, na hapa ni pazuri." Nikauliza mbona unahema, ukacheka, ukasema umetoka kupanda ngazi za hekalu. Sasa mmoja wenu alikuwa mwongo. Wewe ulikuwa umekufa, kwa hiyo nikamchagua yeye.

Mama naye hakunisaidia. Kila akipiga simu aliuliza kama yule rafiki yako wa Chatsworth ameshasema ukweli. Alikuwa na hakika ulitiliwa kitu kwenye chakula. Nilimkanya, halafu nikiweka simu chini ninaanza kuwaza hivyo hivyo.

Basi nilipopata mkutano wa kazi Bangkok, nilimwambia Yusuf anipeleke mlikopita siku ile, yote, bila kuruka kitu. Nilitegemea visingizio. Alikubali kabla sijamaliza, akauza pikipiki yake, akanunua tiketi. Hilo nalo nikalishuku. Mtu asiye na hatia, niliwaza, hauzi pikipiki.

Tulipanda treni asubuhi, madirisha wazi, wauzaji wakipita na mchele uliofungwa kwenye majani. Sikula kitu alichokinunua yeye. Nisamehe kwa hilo, lakini ndivyo nilivyokuwa. Tukavuka mto kwa mashua ndogo, tukakodi baiskeli. Mwenye baiskeli alitaka pasipoti yangu. Nikampa kadi yangu ya maktaba ya chuo, akaitazama pande zote mbili, akaipokea kwa kuinama. Yusuf alinichagulia baiskeli nzuri, yeye akachukua mbovu. Nikazibadilisha. Nilidhani amelegeza breki.

Mji wenyewe, Kioko, sijui uliuonaje wewe. Mimi niliona safu za sanamu za Buddha zisizo na vichwa, zimeketi kwa subira kwenye jua, na minara ya matofali iliyoinama. Iko sanamu moja iliyobaki kichwa tu, mizizi ya mti imekikumbatia. Vijana wa Kizungu wenye mabegi kama lako walikuwa wanapiga picha, na mlinzi aliwaashiria wachuchumae, vichwa vyao visikizidi kile kichwa. Nami nilichuchumaa. Nilipogeuka, Yusuf alikuwa ananitazama kwa namna nisiyoipenda.

"Dada, iko jua mingi," akasema. "Tuketi."

Unakijua Kiswahili chake, nusu cha bibi yake Mzanzibari, nusu cha Wakongo wa saluni anakonyolewa. Tukaketi. Lakini tulikuwa hatujaendesha hata umbali wa kutoka nyumbani hadi Overport. Tukaendelea kidogo, akataka tuketi tena, kando ya ukuta. Halafu tena, penye bwawa la maua ya yungiyungi. Halafu tena, pale tembo wanapobeba watalii. Kila mara hakuketi ovyo. Alitafuta mahali fulani hasa, akapafuta vumbi kwa kiganja, akaketi pembeni akaacha nafasi.

Nilijua anapoteza muda. Anataka treni ya jioni itukute kabla hatujafika mahali penyewe. Nikamwambia, kwa ukali, kwamba wewe ulicheza mpira kila Jumamosi, hukuwa mtu wa kuketi keti. Yusuf alikuwa anakwaruza kucha zake.

Tulipofika barabara iliyo mbele ya hospitali, akataka tuvuke upande wa pili. Upande wetu kulikuwa na vibanda vya wanawake Waislamu wenye hijabu, wanauza roti nyembamba zinazokunjiwa nyuzi laini za sukari ndani. Nikajiuliza anakwepa nini, mtu anayependa roti hivyo. Nikaisukuma baiskeli yangu moja kwa moja kwenye vibanda.

Mwanamke mmoja mzee aliacha kukunja roti. Akamtolea Yusuf salamu ya Kiislamu, akamshika mikono yote miwili. Lugha nyingine hawakuwa nayo, kwa hiyo alisema kwa mwili. Aliinama, akaweka mikono nyuma kama mtu aliyebeba mtoto mkubwa mgongoni, akapepesuka, akaonyesha geti la hospitali. Kisha akaweka kiganja kifuani, akamtazama Yusuf kwa kuuliza. Yusuf akatikisa kichwa. Yule mama akaketi kwenye kigoda chake, akalia. Alikuwa anakulilia wewe, ambaye hata jina lako hakulijua.

"Ulimbeba," nikamwambia Yusuf.

"Ndiyo."

"Uliniambia alianguka ghafla."

Akaketi chini palepale, kando ya baiskeli, akaniambia yote. Kwamba daktari wa Durban alikuwa amekuambia moyo wako ni mbovu, usisafiri. Kwamba yeye ulimwambia kwenye treni, mkiwa mmeshafika mbali, ukamwapisha. Kwamba siku ile ulipumzika kila mlipofika, na kila aliposema hospitali ulikataa. Kwamba ulimtuma maji ili upate kunipigia simu bila yeye kuwa karibu, asije akakusemea. Na kwamba mwisho hakukusikiliza tena. Alikubeba huku ukimpiga mgongoni, ukimwambia akushushe.

"Alisema, Dada asijue," akasema Yusuf. "Mimi niliapa. Lakini ningembeba mapema, Dada. Penye ukuta. Ningembeba pale."

Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumwambia mtu aliyekuua, na hayakumfaa hata moja. Hasira ikatafuta pa kwenda, ikakupata wewe. Nilikukasirikia, Kioko, mbele ya geti lile. Ulinichekea kwenye simu ukiwa umeketi chini. Ulituachia sisi wawili tuchunguzane kama wezi.

Yule mama alitupa roti, akakataa malipo. Nilikula zangu zote. Kisha nikamwomba Yusuf anirudishe penye ule ukuta, nikaketi kwenye nafasi aliyoiacha, naye akaketi pembeni. Treni ya jioni ilituacha, tukapanda iliyofuata.

Nimemwambia Mama. Akasema, taratibu, kwamba hata Baba alikuwa akiketi keti njiani akitoka shambani, mwaka ule aliofariki, na yeye alidhani ni uvivu, akawa anamgombeza. Sikuwahi kulisikia hilo. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kulisema. Kabla ya kuaga aliomba namba ya Yusuf. Sijui walizungumza nini, lakini Yusuf sasa anamwita Mama.

Mimi nami nimekuwa nikichoka kwenye kilima cha chuo. Nilikuwa nasema ni huzuni. Alhamisi naenda kupimwa, na ndugu yetu Mutheu atapimwa Nairobi wiki hiyohiyo. Nimemlazimisha, na amenuna. Bado nimekukasirikia, na bado nakupenda, na sioni haja ya kungoja moja liishe ndipo nikuage.

Nakuahidi hili, mdogo wangu: chochote daktari atakachoniambia, Mama, Mutheu na Yusuf watakijua siku hiyohiyo. Sitamwapisha mtu.

Pumzika sasa.

Dada yako,
Mwikali