Waya wa Zahanati

Jumapili, 3 Julai

Nimeamka saa kumi na moja. Nimeswali, nimevaa shati la kazi. Halafu nikakumbuka. Mwezi wa nne huu sasa na bado mwili haujasadiki.

Jumapili ndiyo niliyoipenda kule kwenye mtambo wa simu. Mji umetulia, watu hawapigi, unapata nafasi ya kusafisha na kukaza kila kitu. Miaka ishirini na tisa. Kisha wakaleta mtambo mpya, mdogo kama kabati la nguo, hauna hata sauti. Na barua: ujuzi wangu umepitwa na wakati. Napumzishwa kwa manufaa ya shirika. Manufaa!

Mke wangu Mwanaidi anakaanga bagia barazani. Alianza wiki ile ile niliyorudi nyumbani. Nakula jasho lake, na wateja wake wananisalimu kwa huruma. Naichukia huruma hiyo.

Nimelala mchana. Nimeamka na hasira zile zile.

Jumatano, 6 Julai

Simu zimekufa upande wote huu wa Makorora tangu juzi. Mtu anajenga duka, vibarua wake wamechimba msingi wakaikata kebo iliyo chini ya ardhi. Mafundi wa shirika wamechimba mashimo manne kutafuta inakopita. Hawaioni. Nimepita makusudi kuwatazama.

Nimecheka. Naandika kweli: nilifurahi.

Ijumaa, 8 Julai

Baada ya sala ya Ijumaa amekuja Hamza. Nilimpokea kazini akiwa hajui kushika koleo. Leo ndiye mkuu wa mafundi wale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

Akacheka kidogo, akaona mimi sicheki. Akaeleza. Michoro ya kebo walikuwa nayo ofisini. Walipong'oa mtambo wa zamani waliitupa pamoja na takataka nyingine. Amekumbuka kwamba mimi nilikuwa na nakala zangu, nilizochora kwa mkono.

"Ninazo."

"Tuazime, mzee wangu. Hata zahanati haina simu."

"Ujuzi wangu umepitwa na wakati. Si mliandika? Nenda kaliulize kabati lenu."

Aliondoka kichwa chini. Nilijisikia vizuri. Labda kwa robo saa.

Kisha nikafungua sanduku la michoro niitazame tu, nifurahi nayo. Tupu.

Baadaye. Ni Mwanaidi. Ameifungia bagia. Ameichana kipande kipande tangu mwezi wa nne, mji mzima umefutia mafuta kazi ya maisha yangu. Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Yeye alinisikiliza, mwiko mkononi.

"Baba Zuhura, uliniambia mwenyewe niyachome moto makaratasi yale. Siku uliyoleta ile barua. Ulisema hutaki kuyaona tena humu ndani."

Kweli nilisema. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Nikalipiga teke sinia. Bagia zote mchangani, mbele ya wateja.

Hakulia. Aliinama akaokota moja moja. Hakuna aliyethubutu kunitazama.

Jumamosi, 9 Julai

Jirani yetu Bi Saumu amefiwa na mjukuu. Mkwewe alishikwa na uchungu jana jioni, akapelekwa zahanati. Mtoto amekaa vibaya, wakataka gari la wagonjwa limpeleke hospitali kuu. Simu haifanyi kazi. Wakamtuma mtu kwa baiskeli. Gari limefika alfajiri. Mama amepona. Mtoto wa kiume, hakulia hata mara moja.

Mwanaidi ndiye aliyeniletea habari. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu jana. Alimaliza akaendelea kusimama pale, ananitazama. Anajua saa aliyokuja Hamza. Anajua nilichomjibu.

Nimepiga hesabu. Saa nane mchana mpaka magharibi. Kuchimba, kuunga, kupima. Wangewahi. Labda wasingewahi. Nimepiga hesabu hiyo mara ishirini, kila mara inaishia kwenye labda.

Tumezika saa nne. Kutoka makaburini sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashimo yao. Michoro sina, lakini miguu ninayo. Nilianzia kwenye kona ya msikiti, nikahesabu hatua, nikapinda palipokuwa na mwarobaini walioukata zamani. Kebo haikunyooka pale. Tuliipindisha kukwepa mizizi. Nani mwingine angejua?

"Chimbeni hapa."

Waliikuta kwenye kina cha kiwiko. Niliwatukana wote, na mwenye duka pia. Niliwasimamia kila uzi, nikamnyang'anya mmoja koleo nikaunga mwenyewe. Saa kumi na moja jioni simu ya zahanati ikalia.

Hamza alinipa mkono. Sikuupokea. Yeye wamemtupia michoro jaani. Mimi ya kwangu ilikuwa kichwani muda wote, nikamnyima.

Jumapili, 10 Julai

Kimya. Mwanaidi hakukaanga leo, kwa ajili ya msiba wa jirani.

Asubuhi nimemwomba radhi kwa lile sinia. Akasema, "Limekwisha." Halijakwisha, lakini amesema.

Alasiri amekuja Bi Saumu, kajifunga kanga ya msibani, macho yamevimba. Hakutaka kuingia.

"Kaka Omari, nimeambiwa ni wewe uliyeifufua simu. Wengine hayatawakuta yaliyomkuta mjukuu wangu. Mungu akuzidishie kheri, kaka yangu."

Nilifungua kinywa nimwambie. Wallahi nilikifungua.

"Amin," nikasema.

Alipokwenda nilibaki nimesimama mlangoni. Mwanaidi alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Alisikia yote. Baadaye akausogeza ungo, akanipisha, nikakaa.