Talaka ya Kibanda Umiza

Ibra, 14 Novemba 2023

Kwa mume wangu, Baba Safa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Hujambo na hali yako? Vipi koo lako, bado unalitunza kwa tangawizi? Safa na mumewe wanakuja kukutazama? Mimi huku Omani ni mzima, alhamdulillahi, ila upweke tu, na upweke hauna dawa dukani.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ile ile. Nyumba hii ninayotumikia wote wanasikia Kiswahili. Bibi Kaltham kazaliwa Unguja, wanawe wanakisema, na wajukuu wanaosema "kitabu yangu" wanaelewa vizuri sana mtu akimwambia mumewe neno la faragha. Mfilipino wa nyumba ya jirani anagombana na mumewe kwa simu jikoni, sauti juu, na hapana ajuaye kitu. Namwonea wivu.

Sasa nina jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla ya watu. Nimepigwa picha ya filamu.

Usikasirike, soma mpaka mwisho. Wahindi wamekuja kutengeneza filamu katika chuo kimoja nje ya Nizwa. Kijana wa chuo anacheza mpira wa magongo, anampenda binti wa chuo cha wapinzani, na baba yake binti ndiye mwalimu wa timu hiyo. Mengine wayajua mwenyewe, zote ndivyo zilivyo. Ghaith, mjukuu wa Bibi Kaltham, ana kazi ya kambi za watalii kule Al Mintirib, wakamwomba awatafutie watu wa kujaza uwanja. Bibi aliposikia filamu ya Kihindi alisema, "Wallahi nitakwenda hata mkinibeba. Tangu Unguja naziona ukutani, leo niione ikizaliwa." Nikaenda naye kumshika mkono.

Tumekaa juani, mkubwa wao akapita akitukagua kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. Akanielekeza kidole. "Mama! Mama!" Kumbe rafiki wa yule kijana ni mwanafunzi wa Kiafrika, golikipa, na wanataka wazazi wake wakae jukwaani. Wakanikalisha na bwana mmoja aitwaye Khalifa, mtu wa Sur, dereva wa lori la maji, mweusi kama sisi. Eti baba na mama.

Baba Safa, niliweka mkoba wangu kati yetu. Wakauondoa. Nikaweka chupa ya maji. Wakaiondoa. Yule bwana naye katazama mbele tu, midomo imefungwa, nadhani alikuwa akisoma istighfari moyoni. Ghaith akatufasiria: "Wanasema msiseme neno. Mtazameni mwanenu. Akiokoa mpira, mama acheke." Mimi yule kijana simjui. Nikamfikiria Safa siku alipohitimu juzuu yake ya kwanza, nikacheka. Wakafurahi, wakairudia mpaka jua likazama nyuma ya mlima.

Ndiyo yote. Bibi kaniambia si haramu, nilikuwa nimejifunika. Lakini radhi ninayoitaka ni yako.

Nijibu.
Mkeo, Mwanamvita

*

Pangani, 20 Novemba 2023

Mke wangu, Mama Safa,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa maana unajua mimi kitu hakiniingii mpaka nikisikie. Koo ni zima. Nyumba kimya. Tangu Safa aolewe napika mihogo ya chukuchuku nala peke yangu na paka wa jirani, naye majuzi kahama.

Radhi nimekupa, kwa jumla na rejareja. Ila huyo Khalifa mwambie mwenye mali yupo na ana panga.

Mwanamvita! Wewe, unayezima redio wimbo ukianza, leo ni nyota wa Kihindi! Sikiliza. Filamu hiyo ikifika Pangani hapana mwingine atakayeitafsiri. Wajua kazi yangu: napunguza sauti ya Wahindi, nashika kipaza, nakuwa mimi bwana harusi, mimi bibi harusi, mimi polisi, mimi na mbwa. Jamaldini mwenye kibanda cha video nimeshamwambia aongeze mabenchi. Nitasema, "Tulieni nyote, anaingia mke wangu."

Lakini ungerudi ukaitazamia hapa. Ulisema mkataba mmoja, na sasa uko wa tatu. Silaumu, nasema tu.

Mumeo, Maftah

*

Ibra, 19 Januari 2025

Kwa Baba Safa,

Assalaamu alaykum. U hali gani? Natumai mafua yamekuacha. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi.

Safa kanitumia sauti kwenye simu. Mtu alirekodi kibandani Ijumaa ya kwanza ya Rajab, siku mliyoionyesha ile filamu. Kaniandikia, "Mama, sikia baba alivyokutania," na vinyago vya kucheka. Nilikuwa nakanda unga. Nikaiweka sikioni.

Nasikia mashabiki wa uwanjani, halafu vijana wa kwetu. "Maftah, si Mama Safa huyo?" "Na yule bwana pembeni nani?" "Mzee kaibiwa!" "Tafsiri basi, mbona umenyamaza?" Halafu wewe, kwenye kipaza, sauti yako ile ya hakimu: "Tulieni, tulieni! Mwanamke huyu nimempa talaka yake moja leo, shuhudieni nyote. Aendelee kushangilia huko huko." Watu wakaangua kicheko, mmoja akapiga mluzi, filamu ikaendelea.

Nikanawa mikono, sijui kwa nini, maana unga ulikuwa haujaisha.

Baba Safa, tumesoma madrasa moja, kwa maalimu mmoja. Mambo matatu, kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli: kuoa, kuacha, na kurejea. Alituimbisha mpaka tukayaota. Mtu hafanyii mzaha talaka kama asivyofanyia mzaha kisu.

Sikuja kukugombeza. Nataka kujua jambo moja: mimi ni mkeo au si mkeo? Kama neno limeanguka, basi ni moja tu, na mlango wa kurejea uko wazi mpaka eda iishe. Mimi damu imeshakatika, wajua, kwa hiyo eda yangu ni miezi mitatu, na mwezi wa kwanza unakwenda. Tamka "nimekurejea", uniandikie kuwa umetamka. Litakuwa limekwisha, na Safa hatajua.

Nijibu, tafadhali.
Mkeo, inshallah, Mwanamvita

*

Pangani, 2 Februari 2025

Mama Safa,

Waalaykum salaam. Mimi mzima.

Umenishtua bure. Nilikuwa natafsiri! Yule bwana wa jukwaani ndiye aliyesema, kwa Kihindi chake, kwamba kachoshwa na mkewe, nami nikalitia Kiswahili. Maneno ya filamu hayavunji ndoa. Kama yangevunja, mimi nimeshaoa mabinti wa Bombay mara mia na nimeuawa mara mia mbili, na bado nadaiwa swala ya alfajiri.

Vijana huku wananiita Bwana Talaka, inatosha. Usiniongezee na masheikh wa Uarabuni. Wala usimwambie Safa.

Mumeo, Maftah

*

Ibra, 11 Februari 2025

Kwa Baba Safa,

Assalaamu alaykum. Hujambo? Umepata mtu wa kukukandia kiuno? Shaaban imefika katikati, Mungu atufikishe Ramadhani salama.

Juzi Bibi Kaltham kaitazama filamu kwenye televisheni, na mimi nikakaa naye. Bibi analia kuanzia wimbo wa kwanza, uliopigwa kwenye migomba ya Birkat al Mauz, na kila mara anauliza, "Mwanamvita, bado wewe?" Hatimaye nikatokea. Ni muda wa kumeza tonge. Golikipa anaokoa, nacheka, basi.

Baba Safa, yule bwana hasemi kitu. Midomo yake haifunguki. Nilikuandikia tangu siku ile kuwa tulikatazwa kusema. Pale pana ngoma na kelele za mashabiki tu. Hapakuwa na neno la kutafsiri. Lile neno lilikuwa lako.

Nikamwuliza Bibi, nikasema kuna mwanamke mmoja Tanga kafikwa na hivi na hivi. Akampigia sheikh wake. Sheikh kasema: akiwa anahadithia maneno ya mtu mwingine, hakuna talaka, akiwa ni maneno yake mwenyewe, imepita, hata kama alikuwa akicheka. Bibi akaweka simu chini, akanitazama. "Huyo mwanamke wa Tanga," kasema, "mwambie asimwache bwana huyo alale juu ya neno hilo. Wanaume hulala, yaani, khalas, wakiamka wakati umepita." Halafu akaniambia nikapumzike, adhuhuri, na vyombo havijaoshwa. Nadhani anajua.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile sauti sijaifuta. Hupigi siku hizi, na nikipiga hupokei. Basi usiku nikikukumbuka naiweka sikioni, nakusikia ukisema "tulieni, tulieni", na hapo naikata. Siku nyingine nachelewa kukata.

Sikuombi unipende wala unitumie chochote. Tamka tu. Kama kweli ulikuwa ukitafsiri, kutamka hakukupunguzii kitu. Kama hukuwa ukitafsiri, kutaniokoa.

Nakungoja.
Mwanamvita

*

Pangani, 16 Machi 2025

Mama Safa,

Assalaamu alaykum. Ramadhani karimu. Kibanda tumekifunga mwezi mzima, kwa hiyo sina mahali pa kupiga kelele, nimebaki na mawazo.

Umenikamata. Hapakuwa na neno la kutafsiri.

Siku moja kabla ya maonyesho niliitazama peke yangu ili nijiandae. Nikafika pale. Mwanamvita, kile kicheko. Nimeirudisha nyuma, nimeitazama tena. Uliporudi likizo ile mara ya mwisho, ulicheka namna hiyo hapa nyumbani? Ulikuwa ukiniuliza sukari iko wapi kama mgeni. Nami nikapaza sauti, nikaleta mzaha, nikaimba, ukatabasamu kwa adabu tu. Halafu naona mkoba hakuna, chupa hakuna, umekaa na mtu kwa raha, unacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Umeniandikia kuwa ulimfikiria Safa, na ninaamini. Lakini pale nilipokuwa nimekaa, Safa simwoni. Namwona Khalifa.

Kesho yake vijana waliponiuliza ni nani yule, nilikuwa na jibu la mzaha na jibu la uchungu, yakatoka pamoja.

Sasa niambie nifanye nini. Nikisema nimekurejea, nimekiri kwamba nilimwacha mama wa mwanangu kwa kipaza sauti, mbele ya watoto wa watu, ili wacheke. Imamu hapa ni kaka yake Jamaldini. Habari itafika msikitini kabla yangu. Watu wote huku nimewaambia kwamba nilikuwa natafsiri.

Rudi, Mwanamvita. Njoo, ukishuka garini nitakutamkia mlangoni pale pale, nikuone uso. Kwa karatasi siwezi. Mimi ni mtu wa sauti.

Maftah

*

Ibra, 4 Aprili 2025

Kwa Baba Safa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Idi njema, Mungu azikubali saumu zetu. Hujambo? Natumai Safa alikuletea chakula siku ya Idi na hukula peke yako.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa Bibi Kaltham siku ile ile, nikamwomba ruhusa. Akasema, "Mwanangu, wageni wa Idi wanatoka Maskati na Sur, nani atanishika? Ngoja mwezi wa tano." Si mbaya, ni mzee. Nikasema moyoni, basi angalau wewe unitamkie kwa simu. Nilikupigia siku ya Arafa ndogo yetu, ile ya mwisho wa mfungo. Nilikupigia baada ya swala ya Idi. Nilikupigia nimesimama uani, wanaume wakifukua nyama ya shuwa kwenye shimo, moshi mtupu, watu wanapongezana, na mimi sikujali tena nani atanisikia. Nilikuwa tayari ukisema neno lile nilipokee kwa sauti mbele yao wote. Simu ililia mpaka ikakata.

Eda imekwisha juzi magharibi. Nilikuwa naosha sinia. Niliposikia adhana niliweka sinia chini, nikaswali, nikarudi nikaimaliza.

Umesema kwa karatasi huwezi. Nimelifikiria sana neno hilo. Mimi maneno yangu yote ya miaka hii yamepita kwenye karatasi, na niliyamaanisha.

Sina hasira, Baba Safa. Kicheko kile ulichokiona ni kweli kilikuwa cha raha, na nilikuwa nimesahau kwamba ninacho. Nilipokuja likizo nilikuwa nimechoka, na ulikuwa ukisema bila kupumzika, nikaogopa nikikukatiza utadhani nimekuwa Mwarabu. Ungeniuliza. Ningekuambia.

Sasa lile neno moja halitoshi tena. Sasa ni posa, walii, mahari na mashahidi, kama mwanzo. Kaka yangu Abubakar bado yuko Muheza, mlango wake waujua. Nami nitaulizwa. Mara ya kwanza nilikuwa kigori, nikaulizwa nyuma ya pazia, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ndiyo. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hanyamazi, lazima aseme kwa mdomo wake. Nitasema nini, hata mimi sijui bado. Lakini nitasema.

Na wewe kunyamaza kwako kumehesabiwa.

Safa nimemwambia mwenyewe, polepole, nisije nikamfanya amchukie baba yake. Kalia, halafu kauliza kama unakula.

Kama utakwenda Muheza, niambie. Kama hutakwenda, niambie pia, nisikae nikisikiliza simu. Nakuomba unijibu upesi.

Mama Safa