Mwenye Neno la Baba

Salama,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kaka yangu mpenzi Kitheka,

Salamu nyingi kwako, kwa Hasina na kwa mtoto. Natumai joto la Mwingi halijawamaliza. Sisi tu wazima, ila mgongo wa Mama haumpi raha. Shule yetu ya Kyuso imefunga, kwa hiyo niko hapa nyumbani Salama.

Vumilia kidogo, kaka, maana mwalimu hakosi somo. Muhula huu nilifundisha jinsi waandishi wanavyolitumia neno "nimesema". Katika hadithi hupewa chifu, hakimu, au baba mwenye boma. Hulitamka mara moja, bila kutoa sababu, na mwandishi huwanyamazisha wengine wote. Niliwaambia wanafunzi kwamba wakiliona neno hilo wamemwona mwenye amri. Msichana mmoja, Mumbua, akauliza kama anayelitamka ndiye mwenye kuliamua kila mara. Nikamjibu kwamba ndiye. Nilijibu haraka mno.

Juzi tukipeta ndengu hapa uani nilimsimulia Mama, nikasema Baba angefaa sana kitabuni. Unajua siku niliyokuwa nikiiwaza. Alikusimamisha langoni, ukoo mzima ukisikia, akakukataza kukanyaga hapa kwa sababu umeoa Mwislamu. Alisema "nimesema", na hakuna aliyefungua mdomo. Tangu afe umeamini, nami pia, kwamba neno la mzazi aliyekwenda nalo kaburini halina wa kuliondoa. Ndiyo maana siku ya mazishi ulisimama barabarani kama mpita njia. Nilikulilia wewe kuliko nilivyomlilia yeye.

Mama aliweka ungo chini. Akasema neno lile lilikuwa lake. Baba alitaka mpokewe nyote wawili. Yeye, kiongozi wa akina mama kanisani, aliogopa watu watasema nini, akamwambia mumewe achague kati yake na wewe. Baba alilitamka tu, kwa kuwa ndiye mdomo wa nyumba, na hata alipozidiwa na ugonjwa hakumtaja Mama.

Nilimkasirikia Mama, kaka, na bado hasira haijaisha. Uji ananipa asubuhi na sijui nimshukuru vipi. Lakini mwenye neno yu hai, na anataka kuliondoa pale pale langoni, mbele ya wazee wa ukoo waliolisikia, siku yoyote utakayotaja, ukija na Hasina. Alisema usipokuja hatakulaumu.

Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza, mtoto wenu anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa Mwau, jina la Baba, kama desturi yetu inavyotaka. Alijifunika uso kwa leso. Kuku waliingia kwenye ndengu wakala, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

Mpe Hasina mkono wangu, na umbusu Mwau. Mama hakutuma salamu. Alisema hazistahili kukufikia kabla hujajua alilolitenda.

Dada yako akupendaye,
Kalunde