Siku Yangu ya Kwanza Mbele ya Darasa

Merigi, Jumatatu, Januari 1969

Tangu Ijumaa nilikuwa sili vizuri, na sababu ni watoto wa darasa la tatu. Wiki jana nilikuwa nachuma chai na mama. Leo naitwa mwalimu.

Asubuhi niliandika jina langu ubaoni, nikalikosea. Nilipokuwa nikilifuta, hedimasta akaingia. Darasa zima likasimama.

"Kaeni," akasema.

Wakakaa. Nami nikakaa, kwenye deski la mbele, katikati ya wasichana wawili.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

Mmoja akaninyooshea kidole. "Si ni huyu? Amekaa na sisi."

Nikajua kazi imeisha. Lakini hedimasta alicheka mpaka akavua miwani.

"Kesho uje tena, mwalimu. Ila usimame."

Jioni hii nimekula ugali sahani mbili. Bado naogopa, lakini nimeshiba.