Hisa za Mjomba na Glavu za Mponela

Dzaleka, Dowa
Tarehe 9 mwezi wa nane, 2015

Mpendwa Mjomba Lwaboshi,

Nakusalimia sana toka huku. Habari ya Lyon? Mgongo unaendeleaje? Siye tuko bazima, Mungu anatusaidia. Batoto wanasoma, na Mama bado anashona hata kama macho yamepungua.

Barua yako ilifika. Unauliza kama uuze zile aksyon zako, hisa za kampuni ya tumbaku, ao uzishike. Ulizinunua kwa sababu kampuni ilipewa alama ya juu ya kutunza watu na udongo, ukafikiri mwenye alama nzuri atalipa vizuri. Mjomba, ile alama imeshuka, na mi nilikuwa pale.

Mwezi wa pili mama mmoja anayepima makampuni na kuyapa zile alama alitoka Lilongwe kuangalia shamba moja karibu na Mponela, kwenye vibarua wenzetu wa kambi hii ya wakimbizi. Msimamizi wa shamba njo alinichukua nitafsiri Kiswahili kwa Kiingereza. Tukakuta kila mtu amevaa glavu mpya. Yule mama akamuuliza Ernestine, dada wa Fizi, kule Kongo, ninayeimba naye kwaya: "Mnazivaa kila siku?"

Ernestine akaniangalia mimi. "Mwambie wametupatia leo asubuhi, jioni watazikusanya. Majani yakiwa na umande, sumu ya tumbaku inaingia kwa ngozi. Juzi nilitapika mpaka nikaanguka."

Msimamizi hajui Kiswahili, ila Kiingereza anakisikia vizuri, na alikuwa amesimama nyuma yangu. Ningesema tu "ndiyo, kila siku", na Ernestine asingejua. Nikatafsiri yote, neno kwa neno.

Toka siku ile sijaitwa tena. Nashona na Mama.

Alama ilishuka daraja mbili. Na bei ya hisa? Yule mama alinieleza kwa simu: ilianguka juma moja, kisha ikapanda kupita mwanzo, kwani majani yaliuzwa vizuri. Nikamuuliza, sasa alama inafaa nini? Akasema hata wasomi hawakubaliani. Wengine wanaona kampuni yenye alama nzuri haianguki ghafla. Wengine wanasema watu wanaigombania, wanainunua ghali, faida inapungua. Kisha akaongeza: "Alama ya kwanza niliiandika kwa karatasi walizonitumia. Sikufika shamba."

Kwa hiyo sijui kama ukiuza utapata ao utapoteza. Najua hiki tu: mwezi wa tatu kampuni ilitaka alama irudi juu, ikagawa glavu zisizokusanywa, na kuvuna kukaanza umande ukisha kukauka. Ernestine alimaliza mavuno bila kutapika tena.

Ombi langu, usiuze kwanza. Waandikie, uwaulize kama glavu za mwaka kesho zimeshanunuliwa. Siye tukiuliza, tunafukuzwa. We ni mwenye hisa, watakujibu.

Wasalimie mke wako Odette na mtoto wenu Vainqueur. Mama anakukumbuka kila sala. Bwana akutunze huko uliko.

Mtoto wa dada yako, anayekupenda siku zote,
Gertrude