Béa Aliposema Hana Kazi

Jumanne. Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nina hasira ya kutosha kupasha moto mtaa mzima.

Mdogo wangu Crispin amemvunja mkewe mkono. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili, kwa sababu ina jina la mtoto wa mama yangu. Sasa inabaki.

Crispin yuko mahabusu tangu jana. Leo nimemsindikiza Béa, mkewe, kutoa maelezo polisi, mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta na cheti cha daktari kwenye mkoba. Afisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama anavyowauliza wote:

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Sina kazi, chef. Miko tu ku nyumba."

Akaandika: hana kazi. Chini yake akaandika kosa: kipigo cha kawaida.

Kipigo cha kawaida ni kosa dogo: faini, labda kifungo kifupi, familia zinapatana, mume anarudi kitandani kwake. Lakini kipigo kikimfanya mtu ashindwe kazi yake, sheria yetu inahesabu miaka. Sasa, mwanamke asiye na kazi atashindwaje kazi? Kwa unyenyekevu wake tu, Béa alikuwa anamfungulia mumewe mlango.

Nikamwomba afisa asigonge muhuri kwanza.

"Béa, shamba ya kule Kasungami, nani analima?"

"Ni miye, yaya." Ndivyo anavyoniita, mimi mkubwa wa mumewe.

"Maji?"

"Miye."

Nikafika kwenye ugali. "Bukari ya kila siku?"

"Eh, yaya! Bukari nayo ni kazi?"

Afisa akacheka. Nikamgeukia. "Chef, weye ulishaka kusonga bukari na mukono moya?"

Akaacha kucheka. Alisoma cheti tena, akakata mstari, akaandika upya: mkulima, hawezi kufanya kazi kwa wiki sita. Kisha akakata na jina la kosa, akaandika lile zito. Béa alitia kidole gumba cha kushoto.

Wanaume wangapi wa mji huu wako huru kwa sababu wake zao walijibu swali moja kwa adabu?

Tulipotoka, mama akanipigia simu. "Unataka mutoto yangu aoze mu buloko? Mupeleke mbuzi kwa babu ya Béa, muombe masamaha, biishe!"

Mbuzi ameshawahi kupelekwa. Mwaka jana Crispin alimpasua Béa mdomo, na ni mimi niliyemnunua mbuzi huyo, nikawakalisha wazee, nikamwambia Béa avumilie. Mimi, ninayewapigia watu kelele za haki humu kwenye ukurasa wangu kila wiki.

Tulikula nyama, tukaimba.

Kwa hiyo sehemu ya plasta ile ni yangu. Siiandiki ili mnihurumie. Naiandika ili asiwepo wa kuniambia kesho kwamba namchukia mdogo wangu. Nilimpenda vibaya, basi.

Mama amesema nikitoa ushahidi nisikanyage tena kwake. Nimelia, sitaficha.

Kesho asubuhi Crispin na jalada lake wanapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Nitakuwa pale kabla ya mlango kufunguliwa, na kabla hajaniuliza chochote nitamtajia jina langu la ukoo, kwa sauti, ili asikie kwamba ni lile lile la mshtakiwa.