Simu ya Mama Haiflashiwi

Zabron Nikodemo,
Kibanda cha Simu, Mtaa wa Sogea,
Tunduma.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Kaka Emanueli,

Shikamoo. Habari za Kitwe, na huo mgongo wako umetulia? Shemeji Fides hajambo, na wanao wanaendelea kurefuka? Sisi huku wazima. Baridi ya mwezi huu imetukalia vibaya, asubuhi malori kwenye foleni ya mpakani yanagoma kuwaka mpaka madereva wanayabembeleza kama wachumba. Mimi afya yangu ni ya kuonewa wivu. Nimenenepa, na watu wa Sogea wanasema sura hii sasa inafaa kubandikwa ukutani wakati wa uchaguzi.

Utashangaa kupata karatasi. Umenitoa kwenye kundi la familia, ukaifungia na namba yangu, ukadhani nimenyamaza. Karatasi haina admini, kaka. Hii inakuja na Luhende, dereva wa Kisukuma anayepeleka mbolea Kongo, na nimemwomba asiondoke hapo mpaka aone umefika chini kwenye jina langu. Ana mabega kama mlango wa ghala, kwa hiyo usijaribu kuichana mbele yake.

Sasa tuingie ndani. Uliandika kwenye kundi, kwa herufi kubwa kama tangazo la mnada, kwamba simu ya Mama ipelekwe kwa fundi wa Vwawa ikaflashiwe, ifutwe yote ibaki kama ilivyotoka kiwandani, na kwamba Zabron asiiguse tena maishani. Jibu langu ni kwamba sikukubali, sikubali, na hata ukija na diwani na tarumbeta za kanisa sitakubali.

Hukuniuliza kwa nini. Ungeniuliza ningekuambia kuwa ndani ya simu ile yumo Baba.

Wewe uko mbali, hukuyaona ya mwaka wake wa mwisho. Unajua Mama hasomi, na Baba kuandika ujumbe kulimchosha vidole. Basi Mama akienda shambani au kwenye umoja wa kina mama pale Mbozi Mission, simu akiiacha nyumbani, Baba alikuwa anaichukua, anabonyeza pale pa kurekodi, anasema ya kwake, kisha anairudisha mezani. Mama akirudi anasikiliza. Usifikiri ni sala au wosia. Ni malalamiko matupu. Kuku kaingia jikoni. Kisu kiko wapi. Nani kaazima jembe bila kuaga. Tangu tumzike, Mama anamsikiliza kila asubuhi akiwasha moto, anamjibu, wanagombana kama kawaida yao. Sasa wewe unataka fundi wa watu aje afute nusu ya ndoa ya Mama.

Najua utasema, si wewe Zabron uliyeiharibu? Ni mimi, nani mwingine ana ujasiri huo? Mama alilalamika simu imejaa, haipokei hata picha ya mjukuu. Nikaifungua nikakuta kiwanda kimeijaza michezo, matangazo na habari za dunia ambazo Mama hakuziomba, na kila ukitaka kuzitoa inakwambia huna ruhusa. Huna ruhusa! Unanunua nyumba, halafu aliyekuuzia anakwambia chumba cha nyuma usiingie, kuna mizigo yangu. Mimi hapo nikairuti. Kuiruti ni kukipokonya kiwanda funguo za nyumba uliyokwisha kuilipia, basi. Nimeruti simu za Wakongo, za Wazambia, na ya ofisa mmoja ambaye simtaji kwa sababu anataka kubaki na kazi yake.

Nikafagia. Nilifagia kama bibi harusi wa siku ya kwanza, mpaka nikabeba na kilichokuwa kinashikilia nyumba. Kuna programu moja ya kiwandani ina jina baya, unaiona unadhani ni takataka, kumbe ndiyo inayochora kioo na kuweka lile kufuli la Mama la kuunganisha nukta. Simu ikawa inaita vizuri, lakini kioo cheusi, hakuna pa kubonyeza. Mama akawa anaitazama inavyolia mpaka inachoka.

Dawa yake naijua. Unatafuta simu pacha, unachukua programu ile ile, unaipandikiza mahali pake. Mteja wangu mmoja hapa Sogea alikuwa na pacha kabisa: jina lile, rangi ile, hata mkwaruzo wa nyuma ulifanana. Nikachukua, nikapandikiza, nikawasha. Ikatoa nembo ya kampuni, ikazima, ikatoa nembo, ikazima. Ndiyo ile siku Erica alikupigia akilia.

Kosa lenyewe, kaka, ni kosa la mtu wa Tunduma, na mtu wa Njombe asingelifanya. Sisi hapa mpaka ni barabara ya kuvuka. Naamka Tanzania, nanunua vocha Zambia, narudi kula mchana nyumbani. Sukari ile ile, mafuta yale yale, hata mbuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, akija huku halii kwa lugha nyingine. Tunachokumbuka ni kwamba saa yao iko nyuma ya yetu, basi. Mimi sikufikiri kuwa simu nayo ina uraia. Ile ya Mama wewe mwenyewe uliinunua Nakonde, imetengenezwa kwa soko la Zambia. Ya mteja wangu ni ya soko la huku. Pacha kwa sura, ila kila mmoja ana mama yake.

Hapo ndipo ulipoandika hukumu yako, na Erica akatumwa kuitekeleza. Dada yetu alikuja kibandani amejifunga kitenge kiunoni kama anakwenda kutwanga.

"Zabron, toa simu."

"Sitoi."

"Kaka kasema."

"Kaka aje aiseme hapa Sogea."

"Fundi wa Vwawa anasema atazinakili kwanza hizo sauti, halafu ndiyo aflashi."

"Atazinakili kwa miujiza gani? Sauti zimefungwa ndani, na kufuli halifunguki mpaka simu iwake yenyewe na Mama aunganishe nukta zake. Anayekuambia atazitoa imelala hivi, muulize kama na mayai anayatoa bila kuvunja."

"Wewe ndiye uliyevunja!"

"Ndiyo, na nitaunga. Keti unywe chai."

Hakuketi. Alisema nina kichwa kigumu kama cha Baba, nami nikamshukuru. Akaondoka akinipa mpaka Jumamosi, ndipo nawe ukanifungia namba. Nilikaa nimeshika ile simu inayowaka na kuzima, na nakuambia ukweli ndugu yangu, mdomo wangu wote huu uliisha. Kama ningekosea tena, Mama angewasha moto peke yake.

Halafu nikakumbuka kuwa siku ile Nakonde ulinunua simu mbili dukani kwa mtu mmoja, ya Mama na ya Shangazi Gwalugano. Pacha wa kweli huyo, wa tumbo moja.

Nikavuka Jumanne asubuhi na kompyuta yangu begani. Shangazi nilimkuta kwenye kizimba chake cha kapenta, wale dagaa wa Zambia, amevaa kofia ya sufu, anamfukuza mteja aliyeonja sana. Nikampigia goti, shikamoo Shangazi. Alitazama waya uliokuwa unaning'inia kwenye begi langu.

"Awe, hapana! Emanueli amenipigia. Kasema ukija na waya nikufukuze."

"Shangazi, siigusi simu yako, naangalia tu ilivyo ndani na kunakili."

"Hivyo hivyo ulimwangalia wifi yangu simu yake, sasa inawaka kama taa ya polisi. Hii simu ndiyo duka langu, mwanangu. Wateja wangu wote wa Isoka wamo humu. Toka."

Kaka, mimi nimebishana na maaskari wa nchi tatu na sijawahi kutoka niliposema naingia. Lakini shangazi ni shangazi, hubishani naye. Nikamwambia tu kilichomo kwenye ya Mama. Nikamwambia yumo kaka yako, Nikodemo, analalamikia kuku.

Aliacha kupima kapenta. "Nikodemo? Anaongea?"

"Anagomba, Shangazi."

Akavua kofia, akaivaa tena. Akanisogezea kigoda. Ila simu hakunipa mkononi, aliishika yeye mwenyewe nami nikachomeka waya, na muda wote aliikumbatia kama mtu aliyemshikia mwanawe achomwe sindano. "Inaumia?" ananiuliza. Haiumii, Shangazi. "Mbona inapata joto?" Ni furaha, Shangazi. Nikalinganisha namba za toleo, ile ndefu iliyofichwa ndani kwenye mipangilio, tarakimu kwa tarakimu. Zikalingana zote mpaka mwisho. Nilipiga kelele mpaka jirani yake akadhani tumeibiwa.

Nikainakili ile programu yenye jina baya na wenzake wote niliowafagia, nikawarudisha kwenye simu ya Mama palepale kwenye kigoda, nikipitia ule mlango wa nyuma wa mafundi. Kila mmoja nilimweka chumba chake na ruhusa yake, maana ukimweka bila ruhusa simu inamkataa kama mgeni asiye na pasi. Nikawasha. Nembo. Ikakaa. Shangazi akaanza kuomba kwa Kibemba. Nembo ikaondoka, na kioo kikachora zile nukta tisa, nyeupe, zimekaa kwenye mistari yake zikimsubiri Mama.

Sasa andika kwenye kundi lako, kwa herufi kubwa zile zile: ZABRON ALIIWASHA. Kidato cha pili nilikiacha, au chenyewe kiliniacha, lakini nimeiwasha.

Shangazi alifunga kizimba mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, tukapanda gari mpaka Mbozi Mission. Mama alikuwa jikoni. Nilimpa simu, akatugeuzia mgongo ili tusione anavyounganisha nukta, kana kwamba mimi niliyeiruti nahitaji kuchungulia. Halafu ikasikika sauti ya Baba, na kikohozi chake kile kabla ya neno la kwanza.

"Mama Emanueli, hii kahawa nani kaianua kabla haijakauka? Mvua iko Rungwe huko, wewe unakimbia nayo ndani."

"Si wewe uliyesema inanyesha!" Mama akamjibu, na akaanza kucheka huku kanga iko mdomoni. Shangazi akakaa chini kwenye magunzi, akamsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Mimi nilitoka nje kuangalia kama kuna kuni, maana moshi wa jiko lile ni mkali sana kwa macho.

Niliporudi nikakuta maneno. Shangazi alikuwa amemnyooshea simu yake, anasema, wifi, nirushie na mimi. Nami nikaona ndipo pa kuonyesha ufundi, nikatoa waya, nikasema tena afadhali nizinakili zote sasa hivi, nimpe Shangazi, nimpe Erica, nimtumie na Kaka Kitwe, nyingine zikae kwangu kibandani zisipotee.

Mama aliifunga simu kwenye pindo la kanga.

"Siku ya kuanua matanga nilikaa pale mlangoni, mkagawana," akasema. Hakupandisha sauti. "Wifi ulichukua redio na shuka. Zabron viatu. Erica kofia. Emanueli akavuka na koti lile nililomnunulia kwa kahawa yangu. Sikusema kitu, ndivyo desturi ilivyo. Hii hapa sigawi."

Shangazi akasema, lakini wifi, ni damu yangu. Mama akamwambia, "Ndiyo. Kwa hiyo uje. Chai ipo. Anayetaka kumsikia Nikodemo aje akae hapa tumsikilize wote."

Nikaukunja waya wangu, kaka. Mimi nilikuwa na njia ya kuzichukua hata yeye asijue, na sikuzichukua. Mtu akikuambia ni uzembe, zitapotea siku moja, mwambie Zabron anajua kuliko yeye kwamba zitapotea, na hazitanakiliwa hata hivyo. Siku simu ikikwama tena, nitavuka tena na kuiwasha tena. Na fundi wa Vwawa abaki na kioo chake cha duka.

Tangu Jumanne ile Shangazi amekwenda Mbozi Mission mara mbili. Yeye na Mama, ambao unajua hawakuwa na maneno mazuri tangu lile suala la shamba, sasa wanakaa jikoni wanamsaidia Baba kutafuta kisu.

Kwa hiyo hiyo simu mpya uliyosema unaituma, usiitume. Hela yake ifanye nauli uje. Mama hakuniagiza nikuandikie hivi, naandika mwenyewe na ukasirike ukitaka. Tangu koti lile livuke mpaka, wewe hujarudi. Kwenye simu ile Baba anakutaja. Nimesikia kwa masikio yangu, na maneno yenyewe siyaandiki hapa wala sitakusomea. Yako jikoni kwa Mama.

Msalimu Shemeji Fides na watoto wote, mwambie mkubwa kwamba baba yake mdogo bado ni mzuri wa sura. Erica anakusalimu, sasa tunaongea, alikuja kula wali wangu bila kuomba radhi nami nikampa nyama kubwa. Shangazi Gwalugano anasema natotela, asante sana, kwa simu uliyomnunulia, na kwamba usimpigie tena kumfundisha nani wa kufukuza. Mama anakuombea kila siku, kwa sauti, mpaka majirani wanaitikia amina.

Mungu akuwekee mgongo huo uweze kukaa kwenye basi mpaka hapa mpakani. Mimi nitakupokea.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinifungia namba,

Zabron